Wazee Walivyosema Hawana Shida

Makadara,
Nairobi.
Jumapili, 9 Agosti 1981

Mpendwa shemeji Nyongesa,

Pokea salamu nyingi za upendo kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Habari za Chwele? Nasimiyu hajambo, na yale maumivu ya mgongo yamempungua? Mahindi yamefika wapi, na mvua imewatendea vipi mwaka huu? Mama mkwe anakula vizuri, au bado anawasumbua kwa kutaka uji asubuhi mpaka jioni? Nauliza haya yote kwa moyo wangu, ingawa utaona huko chini kwamba siku hizi mambo ya kuulizana hali yamenichosha kabisa.

Kwanza nikuombe radhi kwa uongo. Ile barua mliyoipata mwezi wa sita, iliyosema kwamba sisi sote ni wazima na mguu wa ndugu yako umepona, niliiandika mimi kwa mkono wangu. Macho ya ndugu yako Wekulo hayaoni tena mistari, kwa hiyo yeye husema nami huandika. Siku hiyo alikuwa amekaa kitandani, mguu umo ndani ya beseni la maji ya chumvi, uso umemkunjamana kwa maumivu, na ananiambia niandike kwamba tuko salama salimini. Nikaandika. Hii ya leo naandika peke yangu, yeye hayupo nyumbani, na hakuna neno la kukupendeza ndani yake.

Unajua sukari ilimpata tangu alipostaafu kile kiwanda cha magunia. Kidonda kilianza kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Hapa mtaani kliniki ni ya wajawazito na watoto wachanga. Mzee akiingia na kidonda chake wanamtazama kama aliyepotea njia. Hospitali kuu unafika alfajiri unaondoka jua likizama, na kwa mtu anayechechemea hiyo ni safari ya kumuua. Ndiyo maana tulishukuru sana miaka miwili iliyopita tulipopewa chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Kila Jumatano alikuja nesi mmoja, Sista Apondi, na mkoba wake. Anapima presha, anaosha vidonda, anafunga bendeji safi. Sisi wanawake tunapika chai. Kutoka mlangoni petu mpaka pale ni hatua mia mbili. Nimezihesabu nikiwa nimemshika mkono.

Mwezi wa tatu tukaletewa barua. Chumba kinachukuliwa, watapewa vijana wa chama cha ngumi. Mimi sina ubaya na ngumi, wacha wapigane wakipenda. Lakini ukumbi una vyumba vinne, na katika vyote vinne walikiona hicho kimoja tu chenye wazee.

Basi tukaunda kamati. Na hapo, shemeji, ndipo nilipoanza kuumwa na kichwa. Wazee walikubaliana kwamba mbele ya diwani atasema mmoja tu, na huyo awe mkubwa kuliko wote kwa umri, kama ilivyo heshima. Vizuri. Ila hakuna hata mmoja anayejua mwaka aliozaliwa. Akasimama Mzee Njogu, yule jirani yetu fundi viatu, akasema yeye ni wa rika la Ndege. Ndugu yako akasema yeye ni wa rika lenu la Kananachi, na Kananachi hawezi kunyamaza mbele ya ndege yoyote. Wakahesabu kwa nzige, wakahesabu kwa njaa, wakahesabu kwa vita. Mikutano mitatu mizima ilikwenda hivyo, chumba kinaondoka, na wanaume wanapimana nani alitahiriwa kabla ya mwenzake. Mwishowe ndugu yako akashinda kwa mwaka mmoja. Alirudi nyumbani amenyooka mgongo kama bwana harusi.

Kazi yenyewe tuliifanya sisi. Waringa, aliyekuwa akipiga chapa ofisini zamani, aliandika maombi yetu kwa mwandiko wa kupendeza, nami nikapita nyumba kwa nyumba na kidau cha wino. Tulipata alama za vidole za wazee sitini na watatu. Karatasi tukampa msemaji wetu Wekulo, akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Diwani Muturi akaja Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili, pamoja na karani wake wa kuandika. Ni kijana mstaarabu, simlaumu sana. Akasalimia, akasema, "Mzee Wekulo, nimeambiwa wazee wangu mna shida. Ni shida gani?"

Ndugu yako akasimama. Akavua kofia. Mguu ulikuwa umevimba mpaka nilikuwa nimemkatia kiatu kwa mbele ili kidole kipate nafasi. Akasema, "Sisi hatuna shida, mwanangu. Tunamshukuru Mungu. Tumefurahi tu kukuona."

Wewe unaelewa alichofanya. Kwenu ndivyo inavyokuwa. Mgeni akifika humrukii na matatizo yako kama ombaomba. Unamwambia kuna amani, anakaa, anakunywa chai, anaulizwa habari za kwake, na baadaye sana, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, ndipo unalitaja lile linalokusumbua. Wekulo alikuwa anasubiri chai. Na chai ilikuwa kwangu, kule jikoni, sufuria mbili kubwa, nazichochea nisikie atakavyosema.

Nilichosikia ni makofi. Diwani alikuwa ametazama saa yake, akasema kama wazee hawana shida basi yeye amefurahi sana, akawashukuru kwa uvumilivu wao, karani akaandika, na gari likaondoka. Nilipotoka na vikombe nilimkuta ndugu yako bado amesimama, kofia mkononi, maombi yetu yamo ndani ya koti. Akaniambia, "Vijana wa siku hizi hawakai."

Niliweka sinia chini, kwa sababu nilijijua.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tano tulikuta kufuli mpya. Ndani mmening'inizwa gunia la kupigia ngumi, pale pale alipokuwa akikaa Sista Apondi. Kijana mmoja mwenye kifua wazi aliniambia, "Mathe, sisi hatujui kitu, tumepewa tu hii rum." Na kweli hakujua. Sista alingoja nje na mkoba wake karibu saa nzima, halafu akapelekwa kufanya kazi kwingine.

Nikaenda ofisini na Waringa. Tumekwenda mara tatu, shemeji. Mara ya kwanza mwenye faili yuko likizo. Mara ya pili faili liko, mwenyewe amekwenda mkutanoni. Mara ya tatu tukasomewa: wazee walisema hawana shida, tarehe ipo, jina la msemaji lipo. Nikamwambia yule bwana kwamba msemaji ni mume wangu na alikuwa anamsalimia mgeni. Akacheka. Akasema msemaji aje mwenyewe afute maneno yake. Kisha akaniuliza lile swali wanaloniuliza wote: kwani nyinyi wazee kwa nini hamrudi nyumbani?

Wewe nawe umeniandikia hivyo mara tatu, na kila mara nilitaka kukujibu vibaya. Nyumbani wapi? Nimeishi katika mtaa huu tangu kabla ya uhuru. Nimezaa hapa, nimezika hapa watoto wawili, kanisa langu liko hapa. Ndugu yako ameshona magunia ya nchi hii miaka ishirini na sita, na siku alipochoka, kila mtu akamwonyesha stendi ya basi. Tukija Chwele, ni nani atakayemwosha kidonda kila wiki? Ni ng'ombe? Nisamehe. Lakini fikiri kabla ya kuliandika tena.

Basi iliyobaki ni Wekulo aende afute maneno. Hakutaka. Nimeomba, nimenuna, nimemletea mchungaji. Alisema mzee harudi mbele ya watoto kutapika alichokwisha kumeza. Nikamwambia mguu unanuka. Akasema nifungue dirisha. Akawa anavaa suruali ndefu mpaka kitandani ili nisiuone, na mimi ndiye ninayemfulia hizo suruali na najua zilivyokuwa zikitoka. Wiki kumi na mbili, shemeji. Nilikuwa namchukia mchana, na usiku nikimsikiliza akipumua nilikuwa naogopa mno.

Tarehe mosi mwezi huu diwani akarudi kufungua mashindano ya ngumi, na wazee wakaalikwa wakae safu ya mbele. Asubuhi yake niliziloweka suruali zake zote. Zote, hata ile ya kanisani. Zilibaki kaptura za kiwandani. Alinitazama, akavaa kaptura na koti na kofia, akatoka. Bendeji ilionekana yote, na juu ya bendeji ilionekana rangi ambayo sitaki kukuandikia.

Diwani alipita akiwapa mikono. Alipofika kwa Wekulo akasimama, maana harufu nayo ilimfikia. Akauliza mguu una nini. Na ndugu yako, mbele ya ukumbi mzima, akasema ni kidogo tu.

Ndipo Njogu aliposimama. Alisema, "Mheshimiwa, huyu ni mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, na mdogo hamkatizi mkubwa wake. Leo namkatiza. Mwenzangu anaoza, na tumemwacha aoze kwa sababu ya adabu." Akaingiza mkono ndani ya koti la Wekulo, akaitoa ile karatasi ya maombi, kwa maana ilikuwa bado imo, akampa diwani.

Ndugu yako akakaa chini, akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, unamuuma, umemuuma tangu mwezi wa tano na hajalala. Miaka thelathini na minane nimekaa na mtu huyu. Sijawahi kumsikia akisema kuna kitu kinachomuuma. Nililia pale, na Waringa akalia, na wale vijana wa ngumi wakaangalia viatu vyao.

Chumba tumerudishiwa. Diwani alisema hapo hapo kwamba Jumatano ni siku ya wazee, na gunia la ngumi vijana hulifunga juu kwenye boriti siku hiyo. Jumatano iliyopita Sista Apondi alikuja, na wazee arobaini na moja wakafika, nami nikapika chai. Alianza na Wekulo. Alifungua bendeji, akatazama, akaifunga tena taratibu bila kuosha kitu. Akaniita nje akaniambia angemwona mwezi wa tano angemponya.

Alilazwa hospitali kuu Alhamisi. Wanamkata mguu Alhamisi hii inayokuja, chini ya goti wakijaliwa, na kama sumu imepanda, juu yake. Mama mkwe msimwambie kwanza.

Barua hii anakuletea Zedekiah wa kanisa letu la Marafiki, anasafiri kesho asubuhi. Nisalimie Nasimiyu, mwambie zile mbegu za mboga nilizipanda na zimeota vizuri kando ya bomba. Msalimie mama mkwe, Mzee Khisa na mkewe, na mwalimu Wafula, mwambie nashukuru kwa sala zao. Waringa na Njogu wanawasalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na ng'ombe wenu pia; niliongea vibaya kuhusu ng'ombe.

Sasa nisikilize. Panda basi Jumanne. Wodi ya wanaume mimi naruhusiwa kukaa kwa muda wa saa moja tu mchana, kisha wananitoa, na madaktari hupita asubuhi nisipokuwapo. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameniambia kila wakipita wanamwuliza ndugu yako kama ana maumivu, naye huwashukuru na kuwaambia hana, nao huenda zao bila kumpa dawa. Mimi ni mkewe, siwezi kulala chini ya kitanda chake. Wewe ni mwanamume na ni wa tumbo moja naye. Njoo usimame pale wasikie unalosema wewe, si analosema yeye.

Ni mimi shemeji yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda bado,

Asenath Khavere