Rungu la Baba Kwenye Geti la Shule

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Natumai barua hii itakukuta unatafuna kitu, maana kwako wewe hiyo ndiyo dalili ya afya. Wifi hajambo? Wanangu wamepona mafua? Sisi huku tunaendelea vizuri, ila hivi karibuni Baba na shule yetu walipigana kama tembo wawili, na nyasi nilikuwa mimi.

Unajua kwamba tangu Baba astaafu ulinzi wa bohari, hujitolea kuvusha watoto barabara mbele ya geti letu. Huvaa kizibao cha kung'aa na kushika lile rungu lake refu lenye kichwa cha chuma, analoliita Msuluhishi. Rungu hilo likiinuliwa, hata gari ambalo breki zake ni za kuombea Mungu husimama.

Vurugu ilianzishwa na kocha wa kujitolea. Alikuwa akiwaonyesha darasa la tatu namna ya kusimama kwa kichwa. Miguu ikapanda juu, na kisu kikashuka kutoka kwenye soksi, kikachoma mchanga karibu na sikio lake mwenyewe. Akasema ni cha kumenyea machungwa. Mwalimu mkuu akataka kujua machungwa yako wapi, na kocha akabaki vilevile kichwa chini, akitafuta jibu.

Bodi ikapitisha kanuni bila kuchelewa: mfanyakazi yeyote, au mtu wa kujitolea, asije shuleni na silaha, iwe kisu, iwe rungu, iwe bunduki hata yenye kibali. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa nidhamu, nikapewa kazi ya kuisimamia. Niliipokea kwa mikono miwili, na hata sasa sijaiachia. Usiku nilikuwa nikiwaza lile sikio lingekuwa la mtoto wa nani.

Tuliitisha mkutano katika darasa la kwanza, watu wazima kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Juu ya meza niliweka boksi la chaki, kila mwenye silaha aitumbukize kwa hiari. Mwalimu wa sayansi alitoa manati, akadai ni ya kufundishia. Mama anayejitolea kufundisha kwaya, mpole kama maji ya mtungini, alitoa kisu kirefu kuliko cha kocha, akanong'ona kwamba njiani kwake kuna mbwa.

Baba alisimama nyuma kabisa, akisema mlinzi hakai. Aliuliza kama ulimi wa mwalimu wa hesabu nao utaingia kwenye boksi. Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Lakini zamu yake ilipofika, nilimwambia mbele ya wote kwamba rungu ni silaha. Akasema Msuluhishi halijawahi kumgusa mtu. Nikamjibu kwamba kanuni haiulizi limemgusa nani. Kaka, alinitazama kama anayejuta kunilipia ada. Akavua kizibao, akakiweka juu ya boksi, akatoka na rungu lake bila kuaga.

Mwalimu wa michezo akashika nafasi yake barabarani. Alipuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba, na magari yakampita kama mti. Asubuhi moja lori la mchanga lilifunga breki pale pale penye pua za watoto wa chekechea. Hakuumia mtu, lakini sikungoja lori la pili. Nikaenda nyumbani moja kwa moja kumwomba Baba arudi kazini mikono mitupu.

Hapa ndipo ninapokuomba ukae chini. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta zetu ni nyembamba, na masikio ya Baba bado mazima.

Niliingia bila kubisha hodi. Msuluhishi lilikuwa limeviringika uvunguni mwa kitanda, na Baba alikuwa akilifuata: ameshika meza, akahamia kabati, akahamia ukuta, kama mtoto anayejifunza kutembea. Aliponiona, akajifanya anaupima ukuta kwa kiganja. Goti lake la kulia limekwisha, kaka, na limekwisha zamani. Miaka yote hii tukidhani analibeba rungu, kumbe rungu ndilo linalombeba yeye. Ndiyo maana hakuja kwenu mtoto alipozaliwa, akasingizia kuku anaatamia.

Nilimuuliza kwa nini hakusema, nami ningemruhusu aje na mkongojo. Akajibu taratibu, "Mwanangu, mwenye rungu huogopwa. Mwenye mkongojo huonewa huruma." Nikakaa kitandani nikalia, naye akaniambia kama nimekuja kulia, kwanza nimtolee kitu chake uvunguni.

Nilimweleza mwalimu mkuu peke yake. Akamwita seremala, naye akachonga mti mrefu mwepesi, juu yake kibao cha duara chenye rangi nyekundu na neno SIMAMA. Baba alikizunguka, akakipima uzito, akauliza kama si silaha. Nikamwambia kwa mujibu wa kanuni ni kifaa cha kazi. Akakigotesha chini, akakiegemea kwa uzito wake wote, akasema kinafaa, ila herufi zingekuwa kubwa zaidi. Jumatatu alirudi barabarani. Dereva wa lori la mchanga alisimama mbali sana, akashuka kuja kumwamkia.

Baba ameniapisha nisikuambie, kwa hiyo wewe hujui lolote. Akikupigia akasema ana nguvu kama nondo, itikia tu. Lakini likizo hii msimngoje. Njooni ninyi, na wifi atafute sababu nzuri, maana kwa kutafuta sababu namwamini kuliko wewe.

Wabusu wanangu, na umwambie wifi namkumbuka sana. Baba amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Nimesema natunga mtihani. Amenishauri nisiufanye mgumu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa nidhamu