Oili nzito kwenye lori la mjomba

Shoga, nimekwisha.

Wiki jana alikuja dukani mzee mmoja na lori lililotembea mpaka likachoka, injini inagonga kama watu wanatwanga. Akaniambia, "Binti, nipe oili nzito kuliko zote, inyamaze tu." Nikampa. Ikanyamaza.

Leo mjomba kaleta lori alilonunua. Lilelile! Kauza shamba lote kwa ajili yake.

Nikamwambia, "Mjomba, hii injini ni mbovu. Oili nzito imeficha kule kugonga tu, niliiuza mimi mwenyewe."

Akacheka! "Kumbe ni wewe uliyeitibu!"

Kaondoka na mzigo, kwenye milima ile inayoua injini mbovu. Nampigia arudi. Anapokea, shoga, halafu anaiweka simu karibu na injini nisikilize ilivyotulia.