Darasa Linalonguruma

Alhamisi, Aprili. Tandale.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na darasa letu la Manzese limevuja palepale panapovujaga, juu ya ubao. Nimerudi nyumbani na matope hadi magotini. Lakini nina furaha, na nimekaa kuandika hata kabla sijanawa miguu.

Kisa chenyewe ni kelele.

Darasa la kwanza nimepewa mimi, mgeni kuliko walimu wote hapa shuleni, kwa kuwa wenzangu walilikimbia. Watoto wamejaa, wengine wanakaa sakafuni. Nilipowapokea walikuwa wanaimba kitabu kizima cha kusomea, kwa pamoja, vizuri kama kaswida. Nilisikia raha, mpaka siku moja nikaruka kurasa mbili na wao wakaendelea kuimba zilezile nilizoruka. Nikafunga kitabu, wakaendelea vilevile. Hapo nikajua kwamba hakuna anayesoma hata mmoja.

Nikaacha kuimba, nikaanza na sauti. Hii si "em", nikawaambia, hii ni mmm, fumba midomo. Hii ni sss, acha meno yakutane. Mmm na a, ma. Sss na i, si. Walipenda mno, maana ni mtoto gani asiyefurahi kuamrishwa apige kelele? Wakazipeleka kelele nyumbani. Wakanguruma bombani wakisubiri maji, wakanguruma wakila.

Mtaa ukawaka.

Aliyeanza ni Bi Mgeni, bibi yake Tatu, anayemlea mtoto huyo tangu mchanga. Alikuja Jumatatu, kanga kaifunga kiunoni, na shikamoo yangu hakuipa nafasi ya kupoa.

"Marahaba. Sasa nijibu, mwanangu. Mie nimemleta mtoto asome, nyie mnamfundisha kunguruma? Kama kazi hamna, mie ninayo. Nitamtoa aje anisaidie vitumbua."

Wazazi wengine wakamfuata hadi kwa balozi wa nyumba kumi, naye akatuma neno kwamba leo atakuja kusikiliza mwenyewe. Mwalimu mkuu hakuzunguka: wazazi wasiporidhika, narudi kwenye kuimba kitabu, na mjadala umekwisha.

Nilikasirika. Halafu niliogopa, kwa sababu najua njia yangu inachelewa. Watoto wa kuimba husikika wamesoma tangu wiki ya kwanza. Wangu bado wanajikongoja, na mpita njia hawezi kujua kwamba anayejikongoja ndiye anayetembea.

Basi leo wamekuja. Balozi ni mchonga vinyago, mtu wa kusini, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Wazazi wakataka kwanza watoto wasome wote pamoja. Aibu niliyoipata! Kila mmoja ana mwendo wake, huyu yuko "ka", yule yuko "la", mwingine amekwama kwenye mmm na hataki kutoka.

"Mmesikia?" Bi Mgeni akawageukia wenzake. "Soko la Tandale lina nafuu."

Walicheka. Nami ningecheka, kama si kazi yangu.

Balozi akasimama, akaomba chaki. "Kitabu mtoto anaweza kukikariri," akasema. "Mie nataka neno ambalo hamna mtoto wa hapa kashawahi kulisikia." Akaandika polepole, kwa mwandiko mnene: *lukuledi*. Hata mimi sikulijua. Kisha akamnyooshea kidole Tatu, kwa kuwa ndiye mwenye kesi.

Tatu alisimama. Akaweka ulimi juu, akaishikilia ile sauti hadi nikahisi ni mimi ninayeishiwa pumzi. Lll… lu. K… ku. Le. Kwenye d akasita, kwa sababu tumeifikia juzi tu. Nilitamani kumnong'oneza, nikajibana.

"Di," akasema. Akarudi mwanzo, akalisema kwa mkupuo. "Lukuledi."

Balozi aliiweka chaki chini. "Nani kakwambia jina hilo?"

Tatu akamshangaa. "Si umeandika mwenyewe, babu?"

Darasa zima lilicheka isipokuwa Balozi. Akatueleza kwamba Lukuledi ndiko kwao, huko kusini. Tangu ahamie Dar hajamsikia mtoto akilitaja jina hilo, hata wanawe waliozaliwa hapa husema tu "huko kwenu". Akafuta vumbi la chaki vidoleni. Kisha akawaambia wazazi, "Mwacheni mwalimu afanye kazi yake."

Nilitaka kumkumbatia. Nikasema ahsante, Ndugu Balozi.

Ningeishia hapo, shajara yangu ingekuwa tamu. Lakini Bi Mgeni hakuwa amemaliza.

"Lukuledi mie siijui," akasema. "Nitajuaje kama kapatia? Balozi kafurahi kusikia kwao, haya, hongera yake."

Akamshika Tatu mkono, kikapu mkono wa pili, akasema anawahi foleni ya sukari duka la ushirika, na kesho mtoto habanduki nyumbani.

Njia yetu ni moja, kwa hiyo nilitembea nyuma yao kwenye matope. Nimeachiwa njia yangu ya kufundisha, nimenyang'anywa mtoto aliyeitetea. Ushindi gani huo?

Dukani foleni ilikuwa ndefu, ya unga na sukari pamoja. Bi Mgeni akashika mkia. Tatu akamponyoka, akakimbilia dirishani, ambako karani alikuwa ametundika kibao kilichoandikwa kwa chaki. Akaanza. Hhh… ha. Ku. Na. Watu wakageuka kumtazama mtoto anayekipumulia kibao. Sss… su. Ka. Ri.

Kisha akapaza sauti, foleni nzima ikasikia. "Bibi! Hakuna sukari!"

Bi Mgeni hakuamini. Akaiacha nafasi yake, akaenda dirishani kumuuliza karani mwenyewe. Karani akatikisa kichwa: haijaja tangu juzi, mama, si nimeandika hapo?

Nyuma waliofuata sukari wakaguna, wakatawanyika wakilalamika. Bi Mgeni akabaki amesimama, akikitazama kile kibao, halafu akimtazama mjukuu wake, halafu kibao tena. Akachukua kikapu chake kitupu. Akanipita. Akaenda kidogo, akasimama, akasema bila kugeuka:

"Mwalimu. Kesho mnaingia saa ngapi?"

Saa moja na nusu, nikamwambia.