Fyuzi ya TV ya Mama

Kaka,

Huku sisi wazima. Paa la karakana limeacha kuvuja na wateja hawakosekani.

Juzi mnunuzi wa vyuma chakavu aliniletea TV ya kichogo iliyoungua nusu, ninunue vipuri. Nikaitambua kwa stika yako ubavuni: ni ile ya mama. Nikaifungua, nikaufuata waya wa umeme mpaka kwenye fyuzi. Fyuzi kazi yake ni kukatika ili nyumba ipone. Hii, badala ya kubadilishwa, ilizungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umeme upite tu hata ukizidi. Nikakumbuka TV ilipozimika ulivyotamba: "Fundi wa nini, nimeiwasha mwenyewe."

Pale kwa mama anayevuta sigara ni wewe peke yako.

Miaka mitatu unawaambia ndugu kwamba pasi yangu ndiyo iliyochoma nyumba ya mama. Miaka mitatu mama hapokei simu yangu, nawe unakula naye meza moja.

Jumapili nakuja kwenye kikao cha familia, hata kama sijaalikwa. Fyuzi nimeifunga kwenye leso, nitampa mama mkononi. Usijisumbue kuandaa maneno. Njoo tu na pakiti yako ya sigara, tulinganishe.

Ni mimi dada yako, yule wa pasi.