Eksileta ya Shemeji

Shoga, hebu sikia. Shemeji amefunga eksileta kwenye baiskeli ya umeme ya marehemu mume wangu. Hakuniuliza!

Kaja na fundi asubuhi. "Shemeji, mjane hakanyagi pedali. Wewe kaa tu, zungusha mkono kama pikipiki." Unakumbuka marehemu alivyokuwa akisema: mota ipo kwenye pedali, ukikanyaga inakuitikia. Eksileta ya nini?

Nikawaacha wafunge tu. Unanijua.

Basi shemeji akaishika baiskeli kuitoa getini, huku anawahutubia majirani jinsi eksileta inavyompa mtu heshima. Mkono ukazunguka. Baiskeli ikachomoka! Shoga, juu hakuna mtu, shemeji ananing'inia pembeni, kandambili moja imebaki getini! Haachii, na kila akikaza mkono ndivyo inavyozidi kukimbia. Wakaishia kwenye kamba ya nguo za jirani. Akainuka na shuka kichwani, bado anasema, "Mnaona nguvu yake?"

Mnaona nguvu yake!

Fundi akajikuna kichwa. "Bosi, gia ilikuwa nyepesi kabisa, ndiyo maana imeruka. Ukianza na gia hii, hata mlimani huhitaji eksileta."

Nikamwambia, "Basi ing'oe."

Nimeupanda ule mlima wa dukani nikikanyaga mwenyewe, nalia njia nzima. Marehemu hakuwahi kusimama bila kurudisha gia nyepesi, ili kesho aondoke kwa urahisi. Tangu afariki hakuna aliyeipanda baiskeli yake. Shoga, nimeondoka na gia ileile aliyoiacha.