Siku Niliombea Kuku

Mujukulu wangu Ansima,

Huku Bagira tuko salama. Koko mwanamuke, nyanya yako, analima maharagi na kununa sababu haupigi simu.

Unaniuliza: batoto ya Luvungi banakurukia ukibafanyia mazingaombwe, utabatuliza namna gani? Hata mimi balinirukia, mara yangu ya kwanza, mu sali, ule ukumbi wa parokia. Kuku nilimuficha chini ya meza, nyuma ya kitambaa. Nilipoonyesha tu kikapu kitupu, bote bakakimbia kuchungulia. Nikapaza sauti, "Silansi!" Hakuna aliyesikia. Kwa woga nikaanza: "Kwa jina la Baba..."

Bote bakasimama, mikono kwenye paji la uso.

Sasa niombee nini? Nikaombea kuku, akae kimya pale alipo. Bakaitika "Amina!" Na chini ya meza, kuku naye akaitika.

Balicheka mpaka bakakaa chini benyewe. Toka siku ile, kabla ya yote, natafutia mikono yao kazi: kupiga makofi, kushika kamba. Mutoto mwenye kazi mu mikono harukii meza.

Juzi muzee mumoja wa mvi, mutoto wa siku ile, alinisimamisha sokoni: "Papa, ile kuku yako iko inasali bado?"

Ni mimi, koko yako mwanaume