Mwimbaji Anakuja Lini?

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi tena, mpaka vidole vikauma. Studio ni chumba cha nyuma ya saluni, magodoro yamesimama ukutani kuzuia sauti. Marwa kachelewa. Mpiga ngoma wa kwaya, ndiye ninayerekodi naye albamu ya roki! Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Mji mzima wa Mugumu hakuna mwingine mwenye ngoma.

Jumatano, 6 Agosti
Nimewapigia watu wa saluni nyimbo tatu tulizokwisha kurekodi. Gitaa na ngoma tu, hakuna maneno. Wakasikiliza kwa adabu, kisha: "Biti kali! Mwimbaji anakuja lini?" Wote, hata mwenye saluni. Kazi yangu ya miaka wanadhani ni biti inayosubiri mtu aje kuiimbia. Washamba.

Ijumaa, 8 Agosti
Marwa kaniudhi. Katikati ya solo yangu bora, yenye kasi kuliko zote, kaweka vijiti chini.
"We mura, hizo ng'ombe unazokimbiza umeziiba wapi?"
Fundi mitambo wa studio akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia Marwa arudi kwenye kwaya yake. Karudi kweli. Kapakia ngoma zote kwenye bodaboda mbili, akaenda kwao Ringwani.

Jumanne, 12 Agosti
Nimerekodi na ngoma za kompyuta. Hazichelewi, hazina mdomo. Sijawahi kupiga kwa kasi hii. Nikasikiliza. Kama cherehani.
Bila Marwa hakuna albamu. Najichukia kuandika hivyo.

Alhamisi, 14 Agosti
Sokoni. Muuza sumu ya panya anapiga wimbo wangu kwenye spika yake! Kapewa pale saluni. Nikamfuata nikiwa nimevimba. Solo zote kazikata. Kabakiza kipande cha polepole, mimi na Marwa tu, kinajirudia.
"Kule kwingine hakuna pa kuongea, kaka. Wateja wanaondoka."
Nifundishwe muziki na muuza sumu! Nilitaka kumtukana. Nikabaki nimesimama, nasikiliza. Marwa ananisubiri kila mahali. Mimi nimemsubiri mara moja. Hapo tu ndipo pazuri. Imeniuma sana.

Jumapili, 17 Agosti
Ringwani. Nimemwamkia mama yake Marwa, nikapewa ugali wa mtama. Marwa alikula tonge baada ya tonge, hakunisaidia kuanza. Nikatoa gitaa, bila umeme, bila spika. Nikapiga noti chache, nikaacha. Nikasubiri. Kuku walipita. Mkono uliniwasha kuendelea, nikauzuia.
Marwa alinawa mikono, akavuta debe tupu, akaligeuza kuwa ngoma.